Liache Pale Alipoliweka Baba

Msanzi,
3 Machi 2024

Kwa mwanangu Romani,

Tumsifu Yesu Kristo. Najua umeitikia, na kwa sauti, maana sikukulea unong'one mbele za Mungu.

Sisi huku tupo. Mvua inanyesha kama haina kwao. Mahindi ya shamba la juu yamenipita kichwa, na mimi si mfupi; ulezi ndio umelazwa na upepo upande mmoja, lakini utainuka. Ile misa ya shukrani niliyokuandalia wiki moja baada ya wewe kuondoka ilifana kuliko nilivyotegemea. Wageni walitoka mpaka Sumbawanga mjini, paroko alikula mara mbili, na kwaya iliimba mpaka pombe ya ulezi ikawaishia wazee wakabaki kuimba nao. Wanajumuiya sasa hawaniiti tena Mama Romani, wananiita Mama Bruda. Najua wewe bado ni novisi tu. Sijawasahihisha.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Baba yako mdogo Tadei alitaka kunisaidia, nikamkumbusha kwamba darasa la saba nilikuwa wa nne, na wale watatu wa mbele walikuwa watoto wa mwalimu. Kwa kuwa mlezi wenu amekataza simu mpaka mwaka wa unovisi uishe, nitampa paroko aitume na barua zake.

Sasa jambo lenyewe. Gari la marehemu baba yako limekataa kuwaka.

Unamjua Kabula, mke wa Yonas, wale Wasukuma wa ng'ombe waliohamia upande wa kijito. Ulimwacha ana mimba. Mimi tangu Krismasi nilimwambia, tena kisimani mbele ya wanawake wote, asihangaike kutafuta usafiri siku yake ikifika: Landrova ipo, Tadei yupo, petroli ipo kwenye dumu. Nilisema kwa moyo wangu wote. Basi mwezi uliopita siku ikafika, mchana, mvua inapiga, na Yonas akaja anakimbia. Tadei akaingia akageuza ufunguo. Gari likasema tak. Akageuza tena, tak. Si kuguna, si kukohoa. Tukashuka wote kulisukuma, wanawake kwa wanaume, lakini matope yalishashika magurudumu, halikusogea hata upana wa kiganja. Yonas hakungoja. Alikwenda akafunga ng'ombe kwenye mkokoteni, wakamlaza Kabula, wakamfunika turubai, wakaondoka kuelekea hospitali.

Kabula hajambo. Amerudi, anatembea.

Sasa wewe ndiye uliyelijua gari hili, kwa kuwa baba yako alikufundisha ungali mdogo na kwa kuwa una akili za upande wangu. Tadei ni dereva tu. Akifungua boneti anachungulia kama mtu aliyeangusha ndoo kisimani. Niandikie hatua kwa hatua, mimi nitamsimamia. Nataka kujua hasa ni kitu gani kililiua siku ile, ili mtu akiniuliza niwe na jibu. Juzi mmoja kaniuliza huku anacheka: "Mama Bruda, kumbe lile gari ni la kupigia picha?" Nilikuwa na ndoo kichwani, sikuweza hata kugeuka.

Na nikuulize na mimi. Mara zako za mwisho kuliendesha, lilikuwa linawaka vizuri kwa ufunguo?

Ule ushibe. Nafunga Kwaresima hii kwa ajili yako, ingawa Ijumaa moja nilijisahau nikaonja supu ya watu.

Mama yako, Otilia


Nyumba ya Malezi, karibu na Songea,
24 Machi 2024

Mama, shikamoo.

Milele amina. Nimeitikia mpaka bruda wa jikoni akageuka kuniangalia.

Barua yako imefika na alama ya kidole chenye mafuta kwenye kona, nikajua uliandikia jikoni. Mimi mzima. Tunaamka kwa kengele, tunasali, tunalima mboga, tunasali tena. Kwenye kwaya wameniweka sauti ya tatu kwa sababu ya pili imejaa. Baridi ya huku si kitu kwa mtoto wa Ufipa. Wenzangu wa pwani wanalala na soksi.

Habari ya Kabula imenikaa. Mpe pole, na Yonas pia. Hukuandika kama mtoto ni wa kike au wa kiume.

Kuhusu gari. Hiyo tak moja maana yake umeme unafika kwenye stata, ile mota ya kuzungushia injini, ila stata haizunguki. Inaweza kuwa betri imechoka, au umeme unapotea njiani, au stata yenyewe. Kwanza baba mdogo achomoe waya za betri. Akikuta vichwa vyake vimeota ukoko wa kijani, avikwangue mpaka ving'ae kama sufuria zako, halafu akaze. Pili afungue vile vifuniko sita vya juu aangalie maji ya ndani. Yakiwa yamepungua aongeze maji safi kabisa, yale ya betri, asitie ya kisima. Baada ya hapo mfanye jaribio hili, na hili ndilo kubwa. Awashe taa kubwa, wewe usimame mbele. Akigeuza ufunguo taa zikififia kama mshumaa unaoishiwa, ni betri. Zikibaki vilevile ziking'aa na gari linasema tak, basi ni stata.

Usiruhusu mtu alipige nyundo kabla ya hapo.

Na nijibu hili kabla ya mengine yote: siku ile gari lilikuwa limeegeshwa wapi?

Mwanao, Romani


Msanzi,
14 Aprili 2024

Mwanangu Romani,

Amefufuka kweli. Huku Pasaka imefika na kondoo, na mimi nimevaa kitenge ambacho mke wa katekista alikishika pindo kutazama kama ni cha dukani. Barua yako niliisoma kwenye jumuiya, ile sehemu ya kuamka kwa kengele na sauti ya tatu. Sauti ya tatu nilisema ni ya pili. Wewe hukuwa na sababu ya kuikosa.

Ya gari sikuisomea watu. Tulifanya kama ulivyoagiza. Ukoko ulikuwepo, mwingi, Tadei akakwangua kwa kisu changu cha mboga bila kuniomba. Tukafungua vifuniko, maji yamekauka, sahani za ndani zinaonekana. Sasa maji ya betri hapa Msanzi hayapo, na barabara ya kwenda mjini wakati ule ilikuwa haipitiki kwa baiskeli wala kwa maombi. Nikakaa nikafikiri. Wewe umeandika maji safi kabisa, ya kisima usitie. Je, kijiji hiki kina maji gani safi kabisa kuliko yale aliyoyabariki padre? Ninayo dumu zima kabatini. Nikatia mwenyewe, taratibu, vyumba vyote sita, kila kimoja kwa ishara ya msalaba. Katekista Cleophas akanyunyizia boneti yaliyobaki, na alifanya hivyo bila kuombwa, mtu mwema.

Romani, sasa hata ile tak imekwenda. Taa hazikuwaka kabisa. Nilisimama mbele kama ulivyosema, nikatoa macho, hapakuwa na kitu cha kufifia wala cha kung'aa. Tadei akaniambia kutoka ndani, "Shemeji, kwa baraka hizi limelala usingizi wa haki." Nilimnyima chai.

Kabula hajambo. Analeta maziwa kila asubuhi kama zamani. Anaweka kibuyu mlangoni, anabisha mara moja, nikifika ameshapita kona ya zizi. Hapo mwanzo alikuwa anakaa, tunaongea.

Umeuliza gari lilikuwa wapi. Lilikuwa nyumbani, lingekuwa wapi tena.

Nami lile langu hukulijibu. Nilikuuliza kama lilikuwa linawaka kwa ufunguo.

Yaombee mahindi, yanataka jua sasa.

Mama yako, Otilia


Nyumba ya Malezi,
5 Mei 2024

Mama, shikamoo.

Nilipofika kwenye ishara ya msalaba nilicheka peke yangu bustanini, kisha nikaacha.

Mama, maji ya baraka ya parokia yetu padre huyatia chumvi. Wewe mwenyewe umekuwa ukinionjesha tangu nikiwa mtoto. Betri haipatani na chumvi hata kidogo. Hiyo sasa imekufa, na hakuna wa kuiamsha. Si kosa lako, nilitakiwa kuandika vizuri zaidi. Nilidhani neno betri limetosha.

Lakini kuna jambo lazima nikueleze ili usizidi kungoja. Lile jaribio la taa halifai tena. Hata mkitia betri mpya leo, halitatuambia betri ya zamani ilikuwaje siku ile Yonas alipokuja anakimbia. Kwa njia hiyo hatutajua tena.

Naona kuhusu mtoto hukujibu. Nimeanza kumwombea bila kutaja kama ni wa kike au wa kiume. Bruda mzee anayekaa jirani yangu kanisani ananisikia nikisita kila siku mahali palepale.

Na nyumbani ni pakubwa, mama. Lilikuwa limeegeshwa wapi?

Swali lako nimeliona. Nitalijibu.

Mwanao, Romani


Msanzi,
26 Mei 2024

Romani,

Hatujambo. Mahindi yamekauka vizuri, tunaanza kuvuna.

Alikuwa wa kike. Alizaliwa kwenye mkokoteni kabla hawajafika darajani, mvua inanyesha. Hakulia. Mama mmoja aliyekuwa nao alijaribu kumpulizia. Yonas akageuza ng'ombe? Hapana, hakugeuza, kwa sababu Kabula alikuwa anatoka damu, ilibidi waendelee mbele na wote wawili. Kabula walimwokoa. Mtoto alirudi na Yonas peke yake, amemfunga kwenye shuka ya kimasai, tukamzika nyuma ya zizi lao, mama yake yuko hospitali bado. Mimi nilikuwepo. Nilibeba jembe.

Sikukuandikia kwa sababu kila nikifika hapo kalamu inataka kuandika habari ya kitenge.

Yale maziwa, Romani. Siyanywi. Nikiyarudisha atauliza kwa nini, nikiyapokea yananitazama mpaka jioni. Nampa Tadei, anasema ameota kitambi.

Swali lako nimelisoma tena. Leo sina nguvu nalo.

Wewe ndiye fundi. Huku hakuna anayelijua gari hili zaidi yako. Niandikie tu kwamba ilikuwa ni betri. Andika neno hilo moja na jina lako chini. Betri ni kitu cha dukani, huchoka chenyewe, hakina mwenyewe. Siku ya kuzika Yonas alisema chuma ni chuma, na mimi nataka kumwambia ndiyo, mwanangu bruda naye amesema hivyo.

Mama


Nyumba ya Malezi,
21 Julai 2024

Mama yangu, shikamoo.

Nisamehe kwa kimya hiki. Barua yako niliipokea kabla ya katikati ya Juni. Nilianza kukujibu, nikachana. Mlezi aliniona napunguza kula akaniita, nikamweleza. Hakunipa ushauri. Aliniuliza kama mama yangu anajua, nikasema hajui, akaniambia basi nimekosea mlango.

Siwezi kuandika kwamba ilikuwa betri.

Stata ya gari lile ilikwisha zamani. Mle ndani mna vipande vya kaboni vinavyosuguana ndipo inazunguka, na vyake vimelika mpaka karibu na mwisho. Baba alijua. Ndiyo sababu miaka yote ile alikuwa akiegesha pale juu mteremkoni, uso wa gari ukitazama kijito. Wewe ulikuwa unamtania kwamba anaogopa kuchafua ua wako. Hakuwa anaogopa ua. Asubuhi alikuwa anaachia breki, gari linashuka lenyewe, anatia gia ya pili, linawaka. Baada ya kufa kwake nami nilifanya hivyohivyo. Uliniuliza kama lilikuwa linawaka kwa ufunguo. Mwaka mzima wa mwisho sikuwahi kuliwasha kwa ufunguo hata mara moja.

Siku ya kuondoka nilikwambia, liache pale alipoliweka baba. Sikukwambia kwa nini. Baba mdogo naye sikumwambia, na yeye kwa kuwa analikuta mteremkoni siku zote alikuwa anashuka nalo tu kwa mazoea, akidhani tunabana betri.

Ningesema, baba mdogo angeniambia nitengeneze kwanza ndipo niende. Ingekuwa haki. Lakini nilishaahirisha mara mbili tangu baba afariki, mara ya kwanza kwa ajili ya matanga, mara ya pili kwa ajili ya mavuno, na niliogopa kwamba ya tatu haitakuwa na mwisho. Halafu wewe ulishawaambia watu gari ni zima kama jiwe. Nikaona nikisema nitakuaibisha. Nikanyamaza, nikapanda basi, na nilikuwa na furaha njia nzima mpaka Mbeya.

Sasa nakuomba kitu kigumu. Nenda kwa Yonas na Kabula uwaambie ni mimi. Usiseme chuma. Taja jina langu.

Mahali lilipokuwa limeegeshwa sikuulizi tena.

Mwanao, Romani


Msanzi,
11 Agosti 2024

Mwanangu Romani,

Tumsifu Yesu Kristo. Huku ni baridi na vumbi, midomo imepasuka, mahindi yamo ghalani na ulezi unapepetwa. Tadei hajambo, kitambi kimepungua kwa kazi. Paroko anakusalimu.

Barua yako nilipoisoma mara ya kwanza nilifurahi. Nakwambia kama ilivyokuwa, hata kama utaniona mama wa namna gani. Nilikaa kwenye kigoda nikasema kwa sauti, kumbe ni Romani, si mimi. Nikasonga ugali, nikala, nikashiba vile ambavyo sikuwa nimeshiba tangu mvua zianze. Halafu nikiwa naosha mikono aibu ikanijia, ikaja kwa miguu yake, bila haraka, ikakaa.

Uliacha kuuliza. Ungeendelea kuuliza ningeendelea kukujibu ovyo.

Gari lilikuwa mbele ya nyumba. Ile siku ya misa yako ya shukrani nilitaka wageni wa mjini walione wakishuka. Pale mteremkoni halionekani, limefichwa na migomba. Nikawaita vijana wa jumuiya na majirani wakalisukuma mpaka mbele, kwenye tambarare, nikaliosha mwenyewe, nikafunga maua kwenye vioo. Watu walipiga picha. Kesho yake Tadei akasema, shemeji, tulirudishe, Romani alisema liachwe kule. Nikamwambia huyo Romani hakusema kwa nini, nawe waache watu waone kwamba hapa pametoka bruda. Akaniambia tena mvua zilipozidi. Nikamwambia subiri. Nilikuwa napenda kulitazama nikitoka shamba. Likazama pale taratibu, siku baada ya siku, mpaka ile siku.

Ningelijua lina stata mbovu ningeliacha. Na wewe ungelimjua mama yako ungenieleza. Sasa tumejua wote wawili na haisaidii.

Nilikwenda Alhamisi. Kabula alikuwa amekaa nje anatikisa kibuyu cha maziwa apate samli, Yonas anachonga nira. Nilikataa kiti. Nikaanza na mimi, nikamaliza na mimi, na katikati nikakutaja wewe kwa kuwa uliniagiza, lakini sikukukalisha hapo muda mrefu. Niliongea nikiangalia ile nira. Kabula aliendelea kutikisa. Nilipomaliza akatikisa kidogo tena, kisha akaacha.

Akasema, "Mama, Yonas ndiye alikuwa nyuma upande wa kulia, siku ile mnalisukuma kulipeleka mbele. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye gogo na tumbo langu, nawacheka."

Nilikuwa nimesahau, Romani. Walikuwa watu wengi, na mimi macho yangu yote yalikuwa kwenye gari.

Yonas aliweka shoka chini. Anaongea kidogo yule, unamjua. Alisema, "Nilisukuma kwa nguvu zote. Nilitaka Wafipa muone kwamba sisi tuna nguvu." Akainuka akaenda upande wa zizi, na hakurudi mpaka nilipoondoka. Kabula akaniambia amekuwa hivyo tangu siku ya mkokoteni. Anapotoka asubuhi anapita mbali na nyumba yetu, kumbe mimi nilidhani ananichukia. Na Kabula mwenyewe alikuwa hakai tena kwangu kwa sababu nikimwona nafungua mdomo na kusema habari za kwaya, na yeye alikuwa anangoja niseme habari nyingine. Alingoja miezi yote hiyo. Ndiyo maana hakuacha kuleta maziwa.

Nikamwomba msamaha. Nilipiga magoti, na unajua goti langu la kushoto lilivyo. Sikuinuliwa.

Alisema, "Mimi sijui nimsamehe nani. Wewe, mwanao, Yonas, mvua. Mkishakubaliana mtaniambia." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayekwambia njia imekatika mbele. Kisha akaniambia kwamba Edith, binti wa katekista Cleophas, anajifungua mwezi wa tisa, na mpaka leo gari liko tambarare mbele ya nyumba yangu limejaa vumbi. "Lirudisheni kule kwenye mteremko," akasema, na akaanza kutikisa kibuyu chake.

Jana Jumamosi tumelirudisha. Ardhi imekauka, magurudumu tuliyachimbua kwa jembe. Tadei alimwaga petroli iliyolala akatia mpya. Yonas alikuja asubuhi bila kuitwa, amebeba mgongoni ile betri ya sola yao, iliyokuwa inawawashia taa nyumbani, akaiweka mbele ya Tadei akarudi nyuma ya gari. Upande uleule wa kulia. Stata yenyewe tumeifungua, kondakta wa basi amekwenda nayo kwa fundi mjini, atie hizo kaboni ulizosema. Lakini Tadei hataki kuingoja, anasema mtoto wa Edith hasomi kalenda.

Kabula alikuja tulipokuwa tumeshaanza. Nilimwambia apumzike. Aliweka mikono kwenye bodi la nyuma karibu na yangu, tukasukuma mpaka juu. Alikuwa anapumua kwa nguvu na mimi pia. Tadei akaingia, tukaachia. Likashuka, likashuka sana, mpaka nikadhani litaingia kijitoni, kisha likakohoa, likatoa moshi mweusi kama wa tanuri la matofali, na likawaka. Lilikuwa linanguruma kule chini peke yake na sisi tumesimama huku juu na vumbi mikononi.

Watu walitaka kupiga vigelegele. Niliona. Walinigeukia mimi, kwa kuwa siku zote naanza mimi, wao hupokea.

Sikuanza.

Mama yako, Otilia